Mjomba, Nimebakiza Dakika Kumi na Tisa

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba sina ugomvi na mtu yeyote anayejituma, kwani mimi mwenyewe nimeajiriwa, nimepanga, nina watoto shuleni na nina marejesho ya kikoba, mambo ambayo hayampi mtu nafasi ya kuwa mvivu. Ugomvi wangu, ambao tangu asubuhi ya leo umenipandisha presha, ni na huu ugonjwa wa kuongeza tija binafsi. Umeingia nyumbani kwangu kupitia mpwa wangu, kijana mwenye adabu zake, anayeuza kava za simu mtandaoni, na ambaye tangu aanze kuwasikiliza wahamasishaji haamki tena kama sisi, bali "anaianza siku".

Anaianza saa kumi na moja alfajiri, kisha anatutazama sisi wengine kwa huruma. Sijui ni nani atakayemwambia kwamba watu wa Chanika na Mbagala huamka saa kumi miaka nenda rudi ili wawahi daladala, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kualikwa kutoa semina.

Juu ya meza yake ipo saa ndogo ya jikoni yenye umbo la nyanya. Nilieleweshwa kwa heshima zote kwamba mbinu ya kufanya kazi kwa saa hiyo ilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanafunzi wa Kiitaliano, Francesco Cirillo, ambaye alipoona masomo hayapandi aliitegesha saa ya namna hiyo na kujifunga nayo: dakika 25 za kazi bila kuinua macho, kisha dakika 5 za kupumzika. Sina neno na Bwana Cirillo. Alikuwa na masomo yake, na sidhani kama alikuwa akiishi kwa mgao wa maji.

Leo, mabibi na mabwana, maji yalitoka. Msomaji wangu hahitaji kuelezwa uzito wa sentensi hiyo. Mama Zawadi alipiga ukelele kutoka uani, milango yote ya nyumba ikafunguka kwa mpigo mmoja, na mimi nikatoka na msuli wangu, dumu mkono huu na dumu mkono ule, nikiwa bado na povu la dawa ya meno mdomoni. Presha ya bomba ilikuwa ndogo kama kawaida yake, kwa hiyo ilihitajika pampu, na pampu yetu, kwa sababu za kiusalama ambazo kila mpangaji anazifahamu, hulala chumbani kwa mpwa wangu. Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa ndani, na juu yake kimebandikwa kikaratasi: USISUMBUE, KAZI YA KINA INAENDELEA.

Nilibisha kistaarabu. Simu yangu ikalia mfukoni mwa fulana. Ujumbe ulisomeka hivi: "Shikamoo mjomba. Nimebakiza dakika 19."

Basi nikasimama hapo mlangoni, mtu mzima, mjumbe wa kamati mbili za harusi, nikimsikiliza nyanya akihesabu ndani, tiki tiki tiki, huku nje ndoo za watu zikijaa. Baba Zawadi alijaza simtanki lake, akajaza mabeseni, akajaza hata sufuria la pilau, kisha, kwa dharau ambayo sitaisahau, akaanza kuosha pikipiki. Nilibisha tena, safari hii kwa ngumi. Ujumbe wa pili ulinijulisha kwamba akili ikishakatizwa huchukua muda mrefu kurudi mahali pake, na kwamba kwa kubisha kwangu nimemlazimu aanze hesabu upya. Upya! Nilitamka maneno ambayo dada yangu, mama yake mzazi, asingependa kuyasikia.

Kengele ilipolia akatoka akitabasamu, pampu mkononi, na kuniarifu kwamba zile dakika 5 za mapumziko haziruhusu kunyanyua kitu kizito. Tulipofika bombani koki ilikohoa mara moja, ikatoa hewa, ikanyamaza. Nilirudi chumbani kwake kutazama ni kazi gani hiyo ya kina iliyonikosesha maji ya kuogea, na kwenye kioo cha kompyuta nikaikuta ratiba ya wiki nzima iliyopakwa rangi, nyekundu kwa mambo ya haraka, kijani kwa malengo ya maisha, na hapo katikati, kwa rangi ya njano: "Kumsaidia mjomba suala la maji, Alhamisi." Leo ni Jumanne.

Kinachonichosha hasa ni kwamba muda anaouokoa kijana huyu haudondoki kutoka mbinguni. Kuna mtu anayeutoa, na mara nyingi mtu huyo ana kiuno kibovu. Wateja wanaompigia simu ndani ya zile dakika 25 hawasubiri kengele, wanakwenda zao Kariakoo kununua kava kwa mwingine. Anafanana na mkulima aliyenoa panga tangu masika hadi kiangazi na shamba lake halijaguswa.

Mmarekani Frederick Taylor, aliyewapimia wafanyakazi kila hatua kwa saa ya kupimia muda (stopwochi), angalau alikuwa akiwapimia watu wengine, na walijua la kufanya: mwaka 1911 mafundi wa karakana ya silaha ya Watertown, Massachusetts, waliikataa saa hiyo na kugoma. Sisi tunajinunulia wenyewe. Bosi wangu naye ameleta fomu ya kujaza jinsi tulivyoutumia muda, na kuijaza kunachukua sehemu nzuri ya muda huo. Kwenye msiba wa mzee Omari, mtu mmoja aliuliza ajenda.

Na sasa zimeingia hatua. Ni lazima zifike 10,000 kwa siku, namba iliyovuma kwa tangazo la kuuza kipimahatua huko Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, na mpwa wangu anaiheshimu kuliko anavyoniheshimu mimi. Hivi ninavyoandika ni saa tano na nusu usiku, naye anazunguka sebuleni, kutoka kabatini hadi kwenye friji, kutoka kwenye friji hadi kabatini, ili siku isiishe na deni. Jioni nilimwomba aende dukani kwa Mangi kuniletea dawa ya mbu, akanijibu kwamba huko si kufanya mazoezi, huko ni kutumwa. Mke wangu ameuliza kutoka chumbani kama ni mwizi. Nimemjibu kwamba mwizi angekuwa ameshamaliza kazi yake na kuondoka.