Printa ya ofisini inatunza zaidi ya karatasi

Fundi wa TEHAMA anapotaka kuitenga printa katika sehemu yake ya mtandao, kuifungia huduma zisizotumika na kuibadilishia nywila, wenzake ofisini huona anawaongezea usumbufu. Malalamiko yao si ya bure. Mipangilio ikiguswa, hakosekani mtu ambaye kompyuta yake haiioni tena printa; kuingiza namba ya siri kwa kila nakala kunachosha; na masasisho ya baadhi ya printa yamewahi kuzifanya zikatae katriji za wino zisizo za mtengenezaji.

Hata hivyo, ninaona hoja ya fundi ndiyo isiyoeleweka, kwa sababu wengi hupima hatari kwa thamani ya kilichochapishwa, ilhali mvamizi mara nyingi hana haja na karatasi. Printa inayoskani nyaraka na kuzihifadhi kwenye seva, yaani kompyuta ya pamoja ya ofisi, hutunza ndani yake jina na nywila ya akaunti inayoiruhusu kufanya hivyo. Aliyeingia kwenye ukurasa wa usimamizi kwa nywila ya kiwandani, ile iliyokuja na mashine, ataikuta nywila hiyo imefichwa kwa vitone. Lakini akifuta anwani ya seva, akaandika ya kompyuta yake, kisha akabonyeza kitufe cha kujaribu muunganisho, printa inaweza kumpelekea nywila hiyo yenyewe, pengine ikiwa wazi kabisa. Hakuna kilichovunjwa, na printa inaendelea kuchapisha kama kawaida. Ikiwa akaunti hiyo ilipewa mamlaka makubwa ili kuokoa muda siku ya kuisimika mashine, basi amepata funguo za ofisi nzima.

Hili si la kufikirika. Agosti 2019, Microsoft ilieleza jinsi kundi la wadukuzi ililoliita wakati huo Strontium lilivyotumia simu ya intaneti, printa ya ofisi na kifaa cha kusimbua video kuingia katika mitandao ya mashirika. Katika matukio mawili nywila za kiwandani hazikuwa zimebadilishwa. Katika la tatu, sasisho la usalama halikuwa limewekwa. Uzembe mdogo kiasi hicho ulitosha, na kutoka hapo wakaanza kupekua mtandao kutafuta vifaa vingine dhaifu.

Madai ya fundi, lakini, hayana uzito sawa. Namba ya siri kwa kila nakala inaweza kuachwa pale ambapo nyaraka si za siri, na sasisho lisomwe maelezo yake kabla ya kuwekwa, mradi lisiahirishwe hadi lisahauliwe. Kubadilisha nywila, kuzuia printa isifikiwe kutoka intaneti na kuipa akaunti yenye uwezo wa kuandika kwenye folda moja tu ni kazi ambayo mtumiaji hata haihisi, na hapo sioni sababu ya kubishana. Vivyo hivyo printa ya kukodi inaporudishwa kwa mwenyewe: diski yake ifutwe kwanza, kwani huenda nakala za nyaraka zilizoskaniwa bado zimo.