Tuhame bondeni, halafu tukanywe nini?

Kila mafuriko yakipita Lindi na Mtwara, hoja huwa ileile: watu waondoke mabondeni na ufukweni, wapande juu. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya kutoka Dar es Salaam maeneo ya Somanga, wenye hoja hiyo walipata nguvu zaidi. Siwalaumu. Tulizoea kuambiwa kwamba Madagaska inatukinga, tena vimbunga hudhoofu karibu na ikweta. Kinga hiyo haijawahi kuwa kamili. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi na kuua watu, na sasa Bahari ya Hindi inazidi kupata joto.

Haya, tupande. Wapi? Uwanda wa Makonde, kule Newala na Tandahimba, hauogopi mafuriko, ila mchanga wake hunywa mvua yote. Chemchemi ziko chini ya miteremko, na kwa vizazi akina mama wameshuka kuteka na kupanda na mzigo kichwani. Maji ya bomba yanapandishwa kwa pampu. Umeme ukikatika, mabomba yanakauka. Ukimtoa mtu bonde la Ruvuma, umemwokoa na mafuriko ya Machi ukamkabidhi kiu ya Oktoba. Na mpunga wake je?

Wanaotaka kubaki nao wana deni. Mwaka 2019, kimbunga Kenneth kikitarajiwa, watu wa Mtwara waliambiwa waondoke sehemu za hatari. Kikashukia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, kikaua huko. Wapo wanaosema walisumbuliwa bure. Bure! Kimbunga kikipinda kidogo tu baharini, habari ni nyingine. Anayebaki pwani akubali kukimbia mara nyingi bila kuona kitu, la sivyo asijiite mbishi mwenye hoja.

Mimi naegemea katikati: nyumba zisogee mwinuko wa karibu, mashamba yabaki chini. Ila pande zote mbili zinabishana kuhusu mahali pa kulala na kusahau chungu. Barabara ikikatika, unga wa kutoka nje hauji, na korosho hazisongwi ugali. Tena mkorosho wenyewe ni dhaifu: mvua isiyo na msimu ikikuta maua, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, nao ukiingia, pesa ya mwaka imekwenda. Mhogo unangoja ardhini, makopa, yaani mhogo mkavu, yanakaa.

Halafu kuna ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa. Kwenye stendi ya Mtwara inauzwa ikiwa imechemshwa, kwa mafungu, na chumvi ya pilipili pembeni. Kijana anamenya, anachovya, anapanda gari. Kwake ni kitafunwa. Wazee wanaijua kama chakula cha miaka ya njaa, kinachochimbwa porini wakati ghala halina kitu. Sasa pori hilo linafyekwa kwa korosho na ufuta, na wahamiaji wa kutoka bondeni nao watahitaji viwanja hapohapo. Kabla ya kuwapimia, waonyeshwe kisima kiko wapi, na pori lipi lisiguswe na mtu.