Mashine ya kupima uongo isiingie mahakamani kupitia PV (kumbukumbu ya mahojiano)

Kila kesi ya wizi wa shaba au kobalti inapovuma hapa Lubumbashi, hakosi mtu wa kusema: "Si walete ile mashine, wamvalishe, tujue mara moja?" Nimeyasikia maneno hayo Kamalondo kwenye meza ya bia, na nimeyasikia kwenye korido za mahakama kutoka kwa mavoka, yaani mawakili, vijana waliosoma vizuri. Mmoja wao alinishikilia kabisa: ripoti ya poligrafu, ndiyo mashine yenyewe ya kupima uongo, ikisainiwa na mwanasaikolojia, alisema, ina uzito sawa na ripoti ya daktari aliyepima jeraha. Nikamwuliza jeraha liko wapi. Akacheka, lakini hakubadili msimamo. Nimeona afadhali nimjibu hapa kwa kirefu.

Mashine yenyewe haina siri. Mrija mmoja unazungushwa kifuani na mwingine tumboni ili kufuata pumzi. Mkononi unafungwa mkanda wa kupimia presha, kama ule wa hospitalini. Vidole viwili vinabanwa vibati vidogo vya kusoma jasho. Basi, ni hayo tu. Kinachochorwa kwenye skrini ni moyo, pumzi na jasho. Anayeamua kwamba jasho hili ni la uongo na lile ni la joto la Oktoba ni mtu aliyekaa nyuma ya kompyuta.

Na kazi ya mtu huyo inategemea ujanja wa maswali. Unaulizwa swali la kesi: "Ulichukua kebo?" Kisha unatupiwa la mtego: "Katika maisha yako, umewahi kuchukua kitu cha mtu?" Hesabu yao ni kwamba asiye na hatia atahangaishwa zaidi na la pili, maana anajibu "hapana" huku akikumbuka sukari aliyoramba jikoni kwa mama yake, na mwizi atahangaishwa zaidi na la kwanza. Nani kasema? Mlinzi mwenye watoto watano anajua kabisa kwamba swali la kebo ndilo linalobeba kazi yake na chakula cha nyumbani. Atatokwa jasho hapohapo hata kama kebo yenyewe hajawahi kuiona. Tena kabla ya waya kuwekwa, mpimaji hukaa na mtu akimshawishi kwamba mashine haikosei. Asiposhawishika, mchezo wote unalegea. Sijui kipimo kingine cha maabara kinachomtaka mgonjwa akiamini kwanza ndipo kifanye kazi.

Marekani, ambako mashine hii ilikulia, mahakama zake ziliistukia mapema. Mwaka 1923 mahakama ya rufani ya Washington ilimkatalia James Frye, mshtakiwa wa mauaji, asimlete shahidi William Marston, mwanasaikolojia aliyempima presha na kuridhika kwamba anasema kweli. Majaji walisema kipimo hicho bado hakijakubaliwa na wataalamu wa fani yenyewe. Angalia nani alikuwa anaitaka mashine: mshtakiwa. Mwaka 1998 ikawa vilevile kwa Edward Scheffer, askari wa jeshi la anga. Mkojo wake ulikutwa na dawa ya kulevya, poligrafu ikamwunga mkono kwamba hakuitumia kwa kujua, na Mahakama ya Juu ikaamua kwamba jeshi lina haki ya kuufungia ushahidi huo mlango. Mwaka huohuo wa 1998, mahakama ya juu ya Ujerumani ilisema kwamba poligrafu haifai kabisa kuwa ushahidi katika kesi ya jinai. India nako, mwaka 2010, ikaamuliwa kwamba mtu asilazimishwe kupimwa. Zipo mahakama zenye moyo mwepesi zaidi, kama za jimbo la New Mexico, lakini hizo ni chache.

Avoka wangu kijana alinitajia sayansi, basi na tuende kwenye sayansi. Mwaka 2003 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti iliyopima madai yote haya. Lilitoa mfano wa kufikirika wa wafanyakazi 10,000 ambao kati yao wamo majasusi 10, na likaipa mashine sifa ya kufanya kazi vizuri. Ukiikaza kiasi cha kunasa majasusi 8, itanasa pamoja nao watu 1,600 hivi wasio na kosa lolote, na majasusi 2 watapita wakisalimiana na mlinzi wa geti. Ripoti hiyohiyo ilikiri kwamba katika kuchunguza tukio moja mahususi mashine inashinda kubahatisha, ingawa iko mbali na ukamilifu. Nalikubali hilo. Ila kushinda kubahatisha hakutoshi kumpeleka mtu gereza la Kasapa.

Na wanaopita ndio wale waliokuwa wanatafutwa. Aldrich Ames wa CIA alipimwa mwaka 1986 na tena 1991, naye alikuwa akiwauzia Warusi siri tangu 1985. Alipita mara zote mbili. Ushauri aliopewa na Warusi ulikuwa alale vizuri, atulie, na awe na urafiki na mpimaji.

Sasa tuje kwetu. Wengi wanadhani hii ni habari ya sinema. Makampuni na walinzi binafsi wa ukanda huu wanaifahamu, na Afrika Kusini inatumika sana kazini, ingawa huko chombo cha kusuluhisha migogoro ya kazi kinasema wazi kwamba poligrafu peke yake haitoshi kumtia mfanyakazi hatiani. Jirani yangu wa Katuba, mlinzi wa usiku kwenye depo moja, alivalishwa baada ya kebo kupotea. Ni mtu wa presha, na dawa anaikunywa siku akiwa na pesa ya kuinunua. Mpimaji aliuliza kwa Kifaransa, mwingine akatafsiri. Baadaye wakamwambia mashine imemkataa, akiri ili wasimpeleke polisi. "Papa," aliniambia, "kama mashine inanijua kuliko mimi, ningebishana nayo na nini?" Akasaini barua ya kukiri. Kwenye barua ile hakuna neno hata moja kuhusu poligrafu. Imeandikwa tu kwamba amekiri kwa hiari yake.

Hapo ndipo penye shida yangu. Siogopi sana siku ambayo mtaalamu atasimama mbele ya jaji wetu na michoro yake, kwa sababu siku hiyo avoka atainuka na kumhoji. Ninachoogopa ni karatasi inayomtangulia. Sheria yetu ya mwenendo wa kesi za jinai ya 1959 inamruhusu OPJ (ofisa wa polisi wa upelelezi) au mtu wa parke, ofisi ya mashtaka, kumwita mtu mzima yeyote awe mtaalamu. Mlango huo ni mpana. Sisi hatuna baraza la raia la kuamua hatia kama Wamarekani. Jaji anapima ushahidi wote kwa dhamiri yake, na kukiri kukishaandikwa kwenye PV ya mahojiano, dhamiri hiyo inaanza kazi ikiwa imeinama upande mmoja tayari. Mashine imetimiza kazi yake bila kutajwa popote, na hakuna wa kuipinga.

Kinachonishangaza ni kwamba sheria yetu iliwahi kulifikiria jambo hili. Sheria ya jinai ya 1940 inaadhibu majaribio ya kishirikina: kumtia mtu, apende asipende, kwenye madhara ya mwili, ya kweli au ya kudhaniwa, kisha kutokana na yanayompata useme yeye ndiye aliyefanya tendo fulani. Walioiandika walikuwa na mwavi akilini. Mshukiwa ananyweshwa sumu ya gome. Akitapika ni mwema, akifa ndiye mchawi. Sisemi kwamba mpimaji wa poligrafu ashtakiwe kwa sheria hiyo, maana waya haziui. Nasema hoja ni ileile: mwili umefanya hivi, kwa hiyo wewe ndiye. Babu zetu wa Katanga tunawaita washirikina kwa hoja hiyo, halafu tunaipokea ikija na kompyuta na cheti cha mafunzo. Tena Katiba, ibara ya 17, inasema mshtakiwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itoke. Asiye na hatia hadaiwi kuthibitisha chochote kwa jasho lake.

Wanasaikolojia wasinielewe vibaya. Mahakama zetu zinawahitaji, na wahitimu wa UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, wapo. Waje waseme kama mtoto aliyebakwa anaweza kuhojiwa bila kuumizwa tena. Waje waseme kama mshtakiwa alikuwa na akili timamu. Zaidi ya yote, waje waseme kama mtu aliyekiri ni wa kuyumbishwa kirahisi. Mwanasaikolojia Gísli Guðjónsson aliunda vipimo vya jambo hilo miaka ya 1980, na vimesaidia mahakama za Uingereza kuelewa kwa nini mtu anaweza kukiri asichokifanya. Kwa mlinzi wa Katuba, huyo ndiye mtaalamu ninayemtaka kwenye chumba cha mahakama.

Mpaka hapo, avoka anayepokea faili lenye kukiri kwa mfanyakazi wa kampuni aanze kwa kumwuliza mteja wake kama alivalishwa waya kabla ya kusaini. Kama ndiyo, adai jina la mpimaji, orodha ya maswali, lugha yaliyoulizwa, michoro yenyewe, na saa ambayo saini ilipatikana. Wakisema hayo yote yamebaki kampuni, aombe kukiri huko kuondolewe kwenye faili kabla kesi haijaanza kusikilizwa, na ombi hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao ili likataliwe kwa maandishi.