Ukingo uliosogezwa miaka mitatu

Hadi mwisho wa 2011, kijana wa California aliyekuwa mikononi mwa serikali alitolewa kwenye malezi ya kambo akitimiza miaka 18, au 19 kama alikuwa anamalizia sekondari. Tangu tarehe 1 Januari 2012 umri huo ulianza kupandishwa hatua kwa hatua, na sasa anaweza kubaki hadi 21. Sheria iliyoleta badiliko hilo inajulikana kwa namba yake, AB 12. Gavana Arnold Schwarzenegger aliitia saini mwaka 2010, miaka miwili baada ya serikali kuu ya Washington kukubali kuchangia gharama za majimbo yatakayoongeza umri. Mabishano hayajaisha. Wapo wanaosema miaka mitatu hiyo inaokoa maisha, na wapo wanaosema inaahirisha tu siku ya kuanguka. Kila upande una takwimu zake.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Malezi ya kambo tunayoyazungumzia hapa hayahusu baba au mama wa kambo. Mahakama humwondoa mtoto kwao kwa sababu ya kupigwa, kutelekezwa au mzazi kushindwa kumtunza, kisha kaunti humweka kwa ndugu, kwa mlezi asiye wa ukoo, au kwenye nyumba ya watoto wengi. Mlezi hulipwa posho. Kisheria serikali ndiyo inakuwa kama mzazi, na serikali haina chumba cha nyuma ambako kijana wa miaka 22 aliyefukuzwa kazi anaweza kurudi kulala.

AB 12 haimwachii kijana abaki bure. Ni lazima atimize sharti moja kati ya matano: awe anamalizia sekondari, awe chuoni au kwenye mafunzo ya ufundi, afanye kazi saa 80 kwa mwezi, awe kwenye programu ya kumwondolea vikwazo vya ajira, au awe na hali ya kiafya inayomzuia kufanya hayo yote. Ofisa wa ustawi wa jamii humtembelea kila mwezi, na kesi yake hurudi mahakamani kila miezi sita.

Kwenye karatasi, masharti hayo yanaonekana mepesi. Kinachowaangusha wengi ni saa 80. Hizo ni kama saa 20 kwa wiki, na maduka na migahawa inayoajiri vijana hupanga zamu wiki kwa wiki. Baada ya Krismasi zamu hupunguzwa, na mfanyakazi wa saa 24 anajikuta na saa 12. Maofisa wenye uzoefu hulikwepa tatizo hilo kwa kuandika mipango miwili ndani ya mpango wa kijana: kazi kama mpango wa kwanza, na programu ya vikwazo vya ajira kama wa akiba. Sharti hilo la nne ni pana. Hata kukutana na ofisa na kuandaa maombi ya kazi kunaweza kuhesabiwa. Ofisa mgeni asiyelijua anafunga jalada la mtu ambaye sheria ingemruhusu kubaki. Aliyetoka ana haki ya kuomba kurudi kabla ya kutimiza 21, lakini asipoambiwa hivyo hawezi kuitumia.

Hapo ndipo wanaopinga masharti wanapopata hoja yao nzito. Anayeshindwa kushika kazi wala darasa mara nyingi ndiye mwenye majeraha makubwa, na ndiye anayetolewa kwanza. Wanaoyatetea hujibu kwamba familia yoyote humtaka mtoto mkubwa ajishughulishe, na kwamba bila masharti bunge la jimbo lisingepitisha fedha. Jibu la kwanza naliona dhaifu, kwa kuwa familia haimfungi mtu nje kwa sababu meneja alimpunguzia zamu. La pili ni la kisiasa, na ni la kweli. Lakini tazama bima ya afya. Aliyekuwa kwenye malezi hayo alipotimiza 18, akiwa na bima ya serikali ya Medicaid, anabaki nayo hadi miaka 26 bila kuulizwa kipato wala saa za kazi. Utaratibu huo wa kitaifa unakwenda bila kumtaka kijana athibitishe kila mara kwamba anastahili.

Je, kubaki hadi 21 kunasaidia kweli? Utafiti mmoja uliofanywa kwa makini ni ule wa Mark Courtney na wenzake, uliofuatilia vijana zaidi ya 700 wa Illinois, Wisconsin na Iowa kuanzia 2002 hadi walipofika miaka 26. Uzuri wake ni kwamba Illinois iliruhusu kubaki hadi 21, huku majimbo mawili jirani yakiwatoa wengi wakiwa na 18. Huwezi kusema waliobaki walikuwa tu wale waliotulia zaidi, kwani mtoto hakuchagua azaliwe upande gani wa mpaka. Vijana wa Illinois waliingia chuo kwa wingi zaidi. Utafiti wa baadaye wa timu hiyohiyo huko California ulionyesha mwelekeo uleule: aliyebaki muda mrefu zaidi alikuwa na nafasi kubwa ya kumaliza sekondari, kuingia chuo na kuwa na akiba benki, na nafasi ndogo ya kukosa mahali pa kulala.

Upande wa pili nao unasoma ripoti hizohizo. Kuingia chuo kuliongezeka, lakini faida hiyo haikuonekana vilevile kwenye kumaliza shahada. Kuhusu makazi, ripoti ya 2010 kuhusu majimbo yale matatu ilisema kubaki hadi 21 kunaelekea kuchelewesha ukosefu wa makazi kuliko kuuzuia. Walipofika 26, kati ya asilimia 31 na 46 ya waliofuatiliwa walikuwa wamewahi kukosa makazi angalau mara moja.

Mimi nazisoma takwimu hizo hivi: miaka mitatu ni mizuri, tatizo ni namna inavyoisha. Posho inalipwa nzima hadi mwezi wa mwisho, kisha sifuri. Hakuna mzazi anayemsaidia mwanawe kwa mtindo huo.

Chukua mpango unaopendwa zaidi na vijana, SILP, wa kuishi kwa kujitegemea chini ya uangalizi. Kijana anatafuta chumba mwenyewe, ofisa anakagua kama panafaa kuishi, na posho ya mlezi, zaidi ya dola 1,200 kwa mwezi, inalipwa moja kwa moja kwa kijana. Kwa anayepanga chumba Fresno, pesa hiyo ina maana. San Francisco, ambako chumba na sebule huzidi dola 2,000, inamtosha kugawana nyumba na watu asiowajua vizuri. Kosa la kawaida ni la mkataba: jina lake halimo kwenye hati ya upangaji, analipa kwa mkono kwa mpangaji mkuu, na akitoka hana ushahidi kwamba amewahi kulipa kodi hata siku moja. Miaka mitatu ya kulipa kodi imepotea bure. Ofisa anayekagua kufuli na king'ora cha moshi angeomba pia kuona hati ya upangaji na risiti.

Daraja la kuvukia lipo. Tangu 2019 serikali kuu ina vocha za nyumba kwa vijana wa miaka 18 hadi 24 waliotoka kwenye malezi ya kambo, au wanaokaribia kutoka, wasio na makazi au walio hatarini kuyakosa. Mwenye vocha hulipa takriban asilimia 30 ya kipato chake, kodi inayobaki inalipwa na mamlaka ya nyumba. Inadumu miezi 36, na anayesoma au kufanya kazi anaweza kuongezewa hadi miezi 24. Mwenye kulea mtoto wa chini ya miaka 6 hadaiwi hilo la kusoma au kufanya kazi.

Sasa hesabu siku. Anayetimiza 21 tarehe 1 Septemba anafunguliwa dirisha la kuomba vocha miezi michache tu kabla. Kaunti ndiyo inayomtambulisha kwa barua. Yeye hawezi kujiombea. Mamlaka ya nyumba inahakiki kipato, kitambulisho na kadi ya hifadhi ya jamii. Vocha ikitoka, anapewa muda wa kutafuta nyumba. Akipata, nyumba inakaguliwa, na dirisha lisilofungika au soketi isiyo na kifuniko inatosha kurudisha kila kitu nyuma wiki mbili. Barua ikichelewa hadi Julai, anatoka kwenye malezi akiwa na vocha mkononi na hana pa kulala.

Vocha hailipi amana, ile pesa ya dhamana anayotaka mwenye nyumba kabla ya mpangaji kuingia. Fedha za shirikisho zinazoitwa Chafee, zilizoanzishwa kwa sheria ya 1999, zinaruhusu jimbo kutumia hadi asilimia 30 ya mgao wake kwa chakula na malazi ya waliokwisha kutoka, na baadhi ya kaunti huzielekeza kwenye amana. Kwa bahati, sheria nyingine ya California yenye namba ileile ya AB 12, ya 2023, imeweka kikomo cha amana kuwa kodi ya mwezi mmoja kwa wenye nyumba wengi kuanzia Julai 2024. Na tangu mwanzo wa 2024 mpangaji mwenye vocha anaruhusiwa kuleta ushahidi mwingine wa uwezo wa kulipa badala ya historia ya mikopo. Hilo linawagusa hawa hasa, maana wapo wanaogundua wakiwa na 18 kwamba ndugu alifungua akaunti ya umeme kwa jina lao. Jimbo linatakiwa kuwaombea ripoti ya mikopo kila mwaka kuanzia miaka 14. Kuipokea si shida; kufuatilia na kampuni inayotoa ripoti hizo hadi deni lisilo lake lifutwe ni kazi ya miezi, na ndiyo inayoachwa.

Wapo wanaosema yote haya ni mzunguko mrefu, mpe kijana fedha. Kaunti ya Santa Clara ilijaribu mwaka 2020: dola 1,000 kwa mwezi kwa vijana 72 waliokwisha kutoka kwenye malezi hayo, bila masharti. Mwaka uliofuata jimbo likatenga dola milioni 35 kwa majaribio ya aina hiyo. Fedha taslimu inashinda fomu kwa wepesi. Haishindi pale mwenye nyumba anapotaka mdhamini na kijana hana mtu mzima hata mmoja wa kumtia saini.

Kwa Waswahili walioko Marekani jambo hili si geni kabisa. Vijana wakimbizi waliofika bila wazazi, wakiwemo Wakongo, hulelewa chini ya programu yao, ambayo katika majimbo mengi huwabeba hadi 21. Kwao huongezeka tatizo la tarehe: wengi wameandikiwa kambini kuzaliwa tarehe 1 Januari, na mwaka uliokisiwa vibaya unaweza kumtoa mtu kabla ya wakati wake. Kusahihisha kunahitaji ushahidi, na unakusanyika vizuri zaidi kijana akiwa na 16 kuliko akiwa na 20 na nusu.

Jaji huwa na kikao cha mwisho kabla ya kijana kufika 21. Mara nyingi kijana huulizwa kama anaendelea na masomo. Ningependa aulizwe ofisa, siyo kijana: barua ya vocha ilitumwa tarehe ngapi, na amana inatoka mfuko gani?