Sare ya mtumishi ilimpamba bwana

Wapo wanaotazama tamthilia za majumba ya makabaila wa Uingereza wakasema, angalau mtumishi wa enzi zile alivishwa akapendeza. Alipendeza kweli, ila pambo lilikuwa la bwana.

Mtazame yule kijana anayesimama nyuma ya viti mezani. Koti lake lilishonwa kwa rangi za ukoo, pengine zilezile zilizopakwa kwenye gari la farasi, na vifungo vilibeba nembo ya familia. Karne ya 19 mabwana walishahamia suti nyeusi, yeye bado yumo kwenye suruali ya kuishia magotini na soksi ndefu za hariri. Mwenye miguu myembamba alijaziliza pamba ndani ya soksi ili mashavu ya miguu yatune. Siku ya wageni alilowesha nywele, akazipaka povu la sabuni, akazichana, akanyunyiza unga mweupe ukaganda kichwani. Usiku aoshe, hata kama ni baridi ya Januari. Waliajiriwa wawili wawili wa kimo kimoja, na mrefu alilipwa zaidi. Hata jina angeweza kubadilishiwa akaitwa John au James, kwa kuwa ndivyo nyumba ilivyozoea.

Serikali nayo iliujua mchezo huo. Mwaka 1777 Lord North, waziri mkuu wa Uingereza, akisaka fedha za vita dhidi ya makoloni yaliyoasi Marekani, alimtoza mwajiri ginea moja (pauni moja na shilingi moja) kwa mwaka kwa kila mtumishi wa kiume. Mwaka 1795 ikaja kodi ya ginea nyingine, ya unga wa nywele. Kumpanga kijana mlangoni kukawa njia ya kutangaza kwamba ginea hizo hazikusumbui.

Wasichana je? Hapo ndipo ninapochukia. Gauni la kitambaa cha maua asubuhi, jeusi mchana, aproni na kofia nyeupe. Na mara nyingi vyote kwa fedha zao. Binti wa maskini alidunduliza kwanza ndipo aweze kuanza kazi. Krismasi ikifika, bibi wa nyumba alimpa zawadi: kitambaa cha kushonea gauni la kazi! Kijana alivishwa kwa sababu wageni walimwona. Anayesugua ngazi alfajiri nani amwone?

Walowezi walipofika Kenya walikuja na tabia hiyo, wakamvika "boi" kanzu nyeupe, mshipi na kofia nyekundu. Kanzu, vazi la heshima la pwani, ikawa sare ya kubebea sinia.

Leo nakutana na dada wa kazi kwenye maduka makubwa, sare kamili, akimbeba mtoto nyuma ya familia iliyovalia inavyotaka. Aproni jikoni sina neno nayo, inazuia mafuta. Ya kutembea nayo mjini Jumapili inazuia nini? Na kama mwajiri lazima aione, basi ainunue mwenyewe, asimkate dada mshahara.