Clonakilty: uzuri wa mji na haki ya kuishi ndani yake

Kusini-magharibi mwa Ayalandi, katika kaunti ya Cork, kuna mji wa watu wapatao 5,000 ambao zamani jina lake halikutajwa bila dua. "Clonakilty, Mungu atunusuru," watu walisema, na msemo huo unahusishwa na Njaa Kuu ya miaka ya 1840 na ufukara ulioachwa nayo. Reli ya mji ilifungwa mwaka 1961. Hata hivyo, mwaka 2017 mji huo huo ulitunukiwa na taasisi ya Academy of Urbanism kuwa mji bora, na wapangaji miji huutembelea ili kujifunza.

Kilichofanyika kinastahili sifa kwa sababu kilianzia chini, kwenye barabara yenyewe. Giulia Vallone, msanifu majengo Mtaliano aliyekuwa akifanya kazi katika halmashauri ya kaunti, hakuleta jengo la fahari. Njia za miguu zilipanuliwa, magari yakapunguziwa nafasi bila kufukuzwa, na viwanja vya katikati ya mji vikarudishwa kwa watu. Katika Astna Square, penye mnara wa kumbukumbu ya Tadhg an Asna, aliyeuawa katika maasi ya 1798 dhidi ya utawala wa Waingereza, leo mzee aliyetoka kununua mkate anaweza kuketi, akasalimiana na kila apitaye. Juu ya milango ya maduka kuna mbao zilizoandikwa kwa mkono, nyingi kwa Kiayalandi, na jina lililo kwenye ubao mara nyingi ni la ukoo, si la kampuni. Hiyo ndiyo tabia ya mji, na ukarabati uliifuata badala ya kuifuta.

Wanaopinga mageuzi ya aina hii, nao wapo katika miji mingi ya Ayalandi, husema kwamba kupunguza maegesho ni kumfukuza mteja. Nisingependa hoja hiyo ipuuzwe. Mkulima anayeishi kilomita kumi kutoka mjini, mahali ambapo basi hupita kwa nadra, anahitaji gari kama anavyohitaji viatu, na asipopata pa kuliegesha ataishia kwenye duka kubwa lililo nje ya mji. Lakini duka dogo haliishi kwa magari yanayopita mbele yake. Linaishi kwa mtu aliyesimama, akatazama dirishani, akaingia. Kwa hili naona Clonakilty ilipima vizuri.

Zipo kasoro ambazo mawe mazuri ya barabarani hayawezi kuzifunika. Tarehe 28 Juni 2012 mafuriko yaliingia katika maduka na nyumba za katikati ya mji, na ikadhihirika kwamba kazi ya kuzuia maji, isiyopigwa picha na mtalii yeyote, haiwezi kungoja zamu yake nyuma ya upambaji.

Kasoro nzito zaidi ni ya makazi. Mji ukipendeza, nao uko karibu na fukwe kama Inchydoney, nyumba hununuliwa kwa ajili ya likizo au kupangishwa kwa wiki, na kijana anayehudumu hotelini hukosa chumba katika mji anaoufanyia kazi. Watetezi wa utalii hujibu kwamba bila wageni kijana huyo asingekuwa na kazi kabisa. Ni kweli, ila jibu hilo halimpi pa kulala.

Ndiyo maana sera ya serikali ya mwaka 2022 ya kutanguliza katikati ya miji ina uzito kwangu kuliko tuzo. Ruzuku ya kukarabati nyumba iliyoachwa bila mkaaji ilianzia yuro 30,000, ikapandishwa mwaka 2023 hadi 50,000, na 70,000 kwa iliyochakaa sana. Lakini tazama duka la kawaida la mji wa Ayalandi: chini pana biashara, juu pana ghorofa mbili zenye madirisha yasiyo na mapazia. Mara nyingi mlango wa pembeni uliokuwa ukipandisha ngazi uliondolewa zamani ili kupanua duka, hivyo mpangaji wa juu angelazimika kupita katikati ya bidhaa. Kuurudisha mlango huo kunamgharimu mwenye duka sehemu ya dirisha lake la maonyesho, pamoja na ukaguzi wa usalama wa moto na ruhusa za jengo la kihistoria. Hapo ndipo fedha na wataalamu wa halmashauri wanapohitajika sasa, mlango kwa mlango, kwa uangalifu ule ule uliotumika kupanga mawe ya Astna Square.