Nati ya breki hailazimishwi jamani!
Nati moja tu ya paipu ya breki, moja! Naifufua Land Rover ya marehemu babu, Series III ya mwaka 1974, nimezunguka maduka ya spea Gerezani nzima, Dar, mpaka miguu inawaka moto, na kila duka natolewa nati ya milimita 10 eti "inaingia hiyo bosi, kaza tu". Inaingia wapi? Gari inataka uzi (ile mistari ya kukazia) wa kipimo cha inchi, unene 3/8, nyuzi 24 kwa inchi! Zinakaribiana kweli, na ndo hatari yenyewe, inashika mzunguko mmoja inagoma, ukilazimisha inakula uzi wote wa silinda ya breki. Sasa mafuta ya breki yakivuja nashuka mlima Kitonga na mzigo na familia, nikanyage nini? Nani mwingine kalizwa na hizi nati?